Ua la Majabali ya Usambara: Historia ya Kutambuliwa Kwake

Kuona si kutambua. Watu huweza kupita mbele ya kitu kimoja miaka na miaka, wakakiona katika masika na katika kiangazi, kisha kitu hicho kisiwe na nafasi katika elimu iliyoandikwa. Wengine huweza kukiandika, kukichora na kukipa jina, hali hawajakijua. Tofauti hiyo yadhihirika vyema katika historia ya ua dogo la misitu yenye unyevu ya Usambara, ambalo leo huuzwa ndani ya vyungu katika miji ya Ulaya na Marekani, na ambalo wengi wa wanunuzi wake hawajui lilikotoka.

Wajerumani hulitaja kwa neno lenye maana ya urujuani wa Usambara. Waingereza huliita urujuani wa Afrika. Vitabu vya elimu ya mimea viliuita mmea wake Saintpaulia kwa zaidi ya miaka 100, kisha vikabadili. Hapana moja kati ya majina hayo lililo kamili. Ua hili si urujuani. Si la Usambara peke yake, wala si la Afrika nzima. Tena mtu ambaye jina lake lilipewa mmea hakuwa wa kwanza kuuchuma kwa ajili ya elimu. Ukifuatwa mwendo wa majina hayo tangu mwanzo, jambo moja hujitokeza kila mara: makosa yaliyotendeka katika kulitambua ua hili aghalabu yalitokana na kulitenga na mahali pake, na hatua za kweli zilipatikana liliporejeshwa, kwa macho au kwa fikira, kwenye jabali lilikoota.

Basi na ianze habari ya mahali. Milima ya Usambara Mashariki husimama nyuma ya mji wa Tanga, ikapokea pepo za Bahari ya Hindi kabla ya kupunguka unyevu wake. Amani, ambako ni kama mita 900 juu ya bahari, hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Chini ya miti mikubwa ya huko mwanga huwa hafifu hata adhuhuri, na kando ya vijito yapo majabali yaliyofunikwa na makangaga na kijani cha unyevu. Hapo ndipo mmea huu hukaa. Mizizi yake ni mifupi. Hushika tabaka jembamba la majani yaliyooza katika nyufa za mawe. Wataka unyevu, lakini hautaki kusimama majini. Hivyo hupendelea uso wa jabali ulioinama, ambapo maji hupita yakaenda zake. Waweza kupatikana pia mbali na vilele, katika mawe ya chokaa yaliyo karibu na pwani, ilimradi pana kivuli.

Umbo lake halina makuu. Majani ni mazito kidogo, ya mviringo au ya mfano wa moyo, yamejaa malaika pande zote mbili, na kila moja hukaa juu ya kikonyo kirefu. Katika baadhi ya aina majani hukusanyika pamoja kama sahani juu ya shina fupi. Katika nyingine shina hutambaa likashuka kwenye ukingo wa mwamba. Ua ni la rangi ya buluu inayoelekea zambarau. Lina ndimi tano, mbili ndogo juu na tatu kubwa chini, zilizoungana mwanzoni mwake zikafanya mrija mfupi mno. Katikati husimama vifuko viwili vya chavua vya rangi ya manjano, vinavyong'aa kama punje mbili za mtama. Kijiti cha kupokelea chavua hakisimami kati. Huinama upande wa kulia katika ua moja, na upande wa kushoto katika ua jingine. Halina asali ya kumpa nyuki. Humlipa kwa chavua. Wala halinukii.

Kwa alama hizo msomaji aweza kulipambanua na urujuani wa kweli wa Ulaya, ambao petali zake tano zimeachana, na ile ya chini ina kipembe kinachochomoza nyuma ya ua. Kufanana kwao ni kwa rangi na kimo tu. Jamaa wa karibu wa ua la Usambara ni mimea ya Afrika na Madagaska iitwayo Streptocarpus, neno la Kiyunani lenye maana ya tunda lililosokotwa. Maana ganda la mbegu la mimea hiyo hujipinda kama kamba. Tunda la ua la Usambara halikusokotwa. Tofauti hiyo ndogo ya tunda ndiyo iliyowafanya wataalamu kwa muda mrefu waziweke jamaa hizi mbili mbalimbali.

Wa kwanza anayetajwa katika kumbukumbu za elimu ya mimea kuwa alilipeleka ua hili Ulaya ni Sir John Kirk. Huyu alikuwa mganga na mjuzi wa mimea, aliyesafiri na Livingstone katika bonde la Zambezi kuanzia mwaka 1858, kisha akawa balozi wa Uingereza mjini Unguja. Mwaka 1884 alipeleka mmea uliokaushwa kwenye bustani ya Kew, karibu na London. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1887, mmea wa jamii hiyo hiyo ulipelekwa Kew na kasisi W. E. Taylor, aliyeuchuma katika vilima vya Giriama na Shimba, nyuma ya Mombasa. Mimea yote miwili iliwekwa katika hifadhi, nayo haikutosha kuelezewa kuwa ni kitu kipya.

Jina la Taylor halihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili. Ndiye aliyechapisha mwaka 1891 mkusanyo wa methali za Waswahili, na ndiye ambaye kwa juhudi yake mashairi ya Muyaka bin Haji yaliokolewa yasipotee. Lakini kazi ile hakuifanya peke yake. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa alikuwa pembeni yake, akikumbuka beti na kueleza mambo yaliyozizunguka. Kwa sababu hiyo shairi la Muyaka linaweza kusomwa leo na kufahamika: halikuchumwa bila ya shina. Ua la Shimba halikuwa na Sikujua wake. Lilifika London rangi imefifia, malaika ya majani yamelala juu ya karatasi, na juu ya makazi yake pameandikwa maneno machache. Mtaalamu aliyekaa mbele ya mmea ule mkavu alikuwa kama msomaji aliyepewa ubeti mmoja bila ya kuambiwa mtunzi, mji wala kisa.

Kisha akaja yule ambaye jina lake lilibaki. Walter von Saint Paul-Illaire alizaliwa Berlin mwaka 1860, akaingia katika shughuli za ukoloni wa Kijerumani Afrika Mashariki, na kuanzia mwaka 1891 akawa mkuu wa wilaya ya Tanga. Mwaka mmoja kabla ya kushika kazi hiyo kilichapwa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kwa Wajerumani, katika mfululizo wa vitabu vya Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin. Basi watu wawili kati ya watatu waliotangulia kulipeleka ua hili Ulaya walikuwa wanafunzi wa Kiswahili, na kila mmoja aliandika kitabu juu ya lugha hiyo. Jambo hilo si la kupuuzwa, kama itakavyoonekana.

Mnamo mwaka 1892 Saint Paul aliliona ua hili katika pande mbili: moja katika mawe ya chokaa msituni, mwendo wa kama saa moja kutoka Tanga, na jingine juu zaidi, katika majabali ya milimani. Alimpelekea baba yake, aliyekaa Fischbach katika nchi ya Silesia. Mzee huyo, aliyependa sana miti na maua, akamwonyesha Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover. Wendland alifanikiwa palipowashinda watu wa Kew, na sababu yake ni dhahiri: yeye alikuwa na mmea ulio hai. Aliuona ukichanua, ukizaa tunda, ukitoa mbegu. Mwaka 1893 aliueleza katika jarida la bustani la Kijerumani kwa jina la Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza liliheshimu jamaa ya Saint Paul. La pili, kwa Kiyunani, lina maana ya mwenye maua kama urujuani. Mwaka huo huo ua lilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya bustani mjini Ghent, Ubelgiji, likawashangaza watu.

Hata hivyo, katika ushindi huo palikuwa na kosa lililojificha. Mbegu zilizofika Ulaya zilitoka pande mbili, zikapandwa pamoja. Baada ya miaka michache wataalamu waliona kwamba maganda ya mbegu yana maumbo mawili, moja refu na jembamba, jingine fupi na nene. Ama palikuwa na aina moja yenye tabia mbili, ama palikuwa na aina mbili zilizokwisha changanywa. Swali hilo lingeweza kujibiwa kwa siku chache mjini Tanga, kwa kupanda hadi jabali la kwanza na kisha la pili na kutazama tunda lililo katika kila moja. Mjini Hannover halikuwa na jibu, kwa maana ndani ya vyungu hapakuwa tena na jabali la kwanza wala la pili.

Hapo ndipo inapofaa kuuliza habari ya jina la wenyeji. Mkuu wa wilaya alijua Kiswahili cha kutosha kuandika kitabu, naye alitawala mji ambao kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya baraza, ya shule, na baadaye ya gazeti la Kiongozi lililochapwa hapo hapo Tanga katika miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini jina lililosajiliwa halikubeba neno hata moja la Kiswahili, la Kisambaa wala la Kibondei. Katika simulizi za kawaida za ugunduzi huo baba ana jina, mwana ana jina, mkuu wa bustani ana jina; mtu aliyefungua njia msituni hatajwi. Si lazima kudhani kuwa palikuwa na nia ya kuficha. Utawala huo ulikuwa mpya. Vita vya pwani vya miaka ya 1888 na 1889 vilikuwa havijasahaulika, na katika desturi ya dola ile mwenyeji alihesabiwa kuwa miguu ya safari, wala si sehemu ya elimu yake.

Kiswahili chenyewe nacho kina fungu lake katika jambo hili, na haki yataka lisemwe. Lugha ya pwani ina utajiri wa majina ya maua: asumini, kilua, mlangilangi, mkadi, rehani, waridi. Ukiyatazama majina hayo, utaona kuwa karibu yote ni ya maua yenye harufu, yanayofaa kikuba, yanayotandazwa kitandani mwa bibi arusi au kuvukizwa nguoni. Pwani iliyapa jina maua iliyoyatumia. Ua lisilonukia, lisiloliwa, linalokaa katika jabali lenye giza, halikuwa na njia ya kuingia katika mji wala katika shairi. Lakini lugha za milimani ni mambo mengine. Wasambaa na Wabondei wana elimu pana ya mimea ya dawa na ya matambiko, na mtu atafutaye jina la ua la jabali hana budi kuuliza kwa wale wakaao na jabali. Mgeni aliyejua Kiswahili peke yake angeweza kudhani kuwa ua halina jina, kumbe ameuliza katika lugha isiyolihitaji.

Toka mwaka 1893 ua lilianza maisha ya pili, nayo yalikuwa mbali na msitu kabisa. Mfanyabiashara wa mbegu Ernst Benary wa mji wa Erfurt aliliingiza sokoni. Mwaka 1926 kampuni ya Armacost na Royston ya Los Angeles ilipata mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikaotesha miche kama elfu moja, ikachagua 10 iliyokuwa bora na kuitupa mingine. Hiyo 10 ndiyo iliyokuwa wazazi wa maua mengi ya nyumbani huko Marekani. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili waliunda chama chao mjini Atlanta. Wakulima wa bustani wakazalisha maua meupe, ya waridi, yenye petali nyingi, yenye kingo zilizokunjwa, hata zikawa namna maelfu. Mmea ukafaa sana kwa maisha ya ndani ya nyumba kwa sababu ile ile iliyoufaa msituni: ulizoea mwanga hafifu. Lakini kwa elimu ya kutambua, sifa hiyo ikawa mtego. Jinsi ulivyozidi kujulikana ndani ya nyumba, ndivyo ulivyozidi kusahauliwa kwao.

Mtu aliyejaribu kuurejeshea mmea huu mpango wake ni B. L. Burtt wa bustani ya mimea ya Edinburgh. Kuanzia mwaka 1947 mpaka katikati ya miaka ya 1960 yeye na wenzake waliongeza spishi mpya moja baada ya moja, hata orodha ikafikia takriban 20. Msingi wa kazi yake ulikuwa malaika ya majani. Kwa kioo cha kukuzia alitazama kama malaika ni marefu au mafupi, kama yamesimama au yamelala, kama yamechanganyika ya namna mbili. Ilikuwa kazi ya uangalifu mkubwa, na majina aliyoyatoa yanaonyesha kuwa mwenyewe alijua uzito wake. Aina moja aliiita confusa, yaani iliyochanganywa na nyingine. Moja akaiita difficilis, yaani ngumu. Na moja ya maua madogo akaiita inconspicua, yaani isiyoonekana upesi.

Katika miaka hiyo hiyo ramani ya nchi iliingia katika Kilatini. Palitokea tongwensis kwa ajili ya mlima Tongwe, amaniensis kwa ajili ya Amani, magungensis kwa ajili ya Magunga, shumensis kwa ajili ya Shume katika Usambara Magharibi, na teitensis kwa ajili ya vilima vya Taita nchini Kenya. Baada ya nusu karne ua lilianza kuitwa kwa mahali pake. Hakuna mwenyeji aliyepewa heshima, lakini angalau mlima ulitajwa.

Udhaifu wa mpango wa Burtt ulikuwa katika vitu alivyokuwa navyo. Mimea mikavu ilikuwa michache, na mingi ya ile iliyo hai ilikuwa imekuzwa katika nyumba za vioo. Jani lililokua katika joto na maji ya kupimwa si lazima lifanane na jani lililokua jabalini, pengine katika kiangazi kikali. Tena mche mmoja uliochukuliwa kutoka mlima mmoja haukuweza kusema lolote juu ya jirani zake. Wataalamu wa baadaye walipopanda milimani na kutazama mimea mingi katika bonde moja, waliona kwamba tabia zilizodhaniwa kuwa mipaka huungana zenyewe: malaika marefu hapa, mafupi pale, na katikati yao kila daraja. Mwaka 2006 Iain Darbyshire wa Kew, akiandika katika kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki, alipunguza orodha hadi spishi 6. Nyingi za zile za zamani zilikuwa matawi ya spishi moja, ionantha. Amaniensis na magungensis zikaingizwa katika tawi moja, na majina ya Amani na Magunga yakatoka katika orodha.

Wakati huo elimu ya vinasaba ilikuwa imekwisha fungua mlango mwingine. Mwaka 1997 Michael Möller na Quentin Cronk walionyesha kwamba ua la Usambara si jirani tu wa Streptocarpus, bali limezaliwa ndani ya nyumba hiyo. Tunda lisilosokotwa, lililohesabiwa kuwa ukuta baina ya jamaa mbili, lilikuwa badiliko la baadaye tu. Uchunguzi mwingine ulionyesha kuwa mmea wa milima ya Uluguru ulijitenga na wenzake mapema, na kwamba mimea ya Usambara, pamoja na wingi wa sura zake, imekaribiana sana kwa damu. Hatimaye, mwaka 2015, Kanae Nishii na wenzake walipopanga upya jamii nzima, Saintpaulia ilishushwa cheo ikawa fungu la Streptocarpus, na ua la Wendland likathibitishwa kuwa Streptocarpus ionanthus. Jina la mkuu wa wilaya halikufutwa, ila sasa limekuwa jina la chumba, wala si la nyumba.

Yawezekana msomaji akauliza: yote hayo yana faida gani kwa ua lenyewe? Jibu ni kwamba uhai wake umefungamana na jinsi linavyotambuliwa. Toka miaka ya 1890 misitu ya Usambara Mashariki ilikatwa ili kupanda kahawa, na baadaye chai. Wakulima wadogo walipanda iliki chini ya miti, wakaondoa vichaka na miche ya miti iliyokuwa ikiinuka. Katika miaka ya 1970 na 1980 magogo yalitolewa kwa mashine. Ua la jabali halihitaji kung'olewa ili life. Mti ulio juu yake ukianguka, jua hufika kwenye mwamba, unyevu hukauka, na mmea uliokaa hapo vizazi na vizazi hunyauka bila ya kuguswa na mkono wa mtu. Karibu na pwani hatari ni nyingine, maana jiwe la chokaa ni mali: huvunjwa likachomwa kuwa chokaa na saruji, na likiondoka, makazi yenyewe yameondoka. Huko Taita, teitensis hupatikana katika msitu wa Mbololo peke yake. Msitu huo ukipotea, hakuna mahali pengine pa kuitafuta.

Sasa, desturi ya ulimwengu ni kulinda vitu kwa orodha ya spishi. Chenye jina lake huandikwa, huhesabiwa, hutengewa fedha. Kisicho na jina hupita bila ya kuonekana. Kwa hiyo, amaniensis na magungensis zilipofutwa, palikuwa na watu walioona kwamba mimea ya huko imepoteza mtetezi. Hofu hiyo ina haki, lakini dawa yake haiwezi kuwa kuendelea kutumia jina lisilo la kweli. Elimu ikikubali kusema uongo kwa nia njema, siku ya pili haitasadikiwa hata isemapo kweli. Kama mimea ya mabonde mawili ni spishi moja, na isemwe hivyo. Dawa ni kutambua kwamba kila jabali lina watu wake, kwa kadiri mimea iwezavyo kuitwa watu: fungu lililozoea mwamba ule, kivuli kile na kijito kile, na ambalo halirudishwi kwa kupanda chungu kilichonunuliwa dukani. Ni mahali panapostahili kulindwa, na jina ni alama ya kutuonyesha njia ya kufika hapo.

Hatua ya namna hiyo ilichukuliwa mwaka 1997, ulipotangazwa Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wenye eneo la hekta 8,380. Hapo hakikulindwa kitu kimoja tu. Msitu unaolipa jabali kivuli ndio huo unaoulisha mto Zigi, na mto Zigi ndio unaoupa mji wa Tanga maji ya kunywa. Mtu wa Tanga ambaye hajapata kuliona ua hili hunywa kutoka katika unyevu ule ule unaolilisha. Uhusiano huo haukuandikwa katika jina la Saintpaulia wala la Streptocarpus, nao ndio ulio mkubwa kuliko yote.

Imebaki kazi moja ambayo si ya watu wa hadubini, bali ya wanafunzi wa lugha. Miaka mingi sasa wakusanyaji wa maneno wamepita vijijini wakiuliza methali, vitendawili na nyimbo, na wakirudi na hazina. Ni wachache waliopanda na wazee hadi kwenye jabali, wakauliza kila mmea huitwaje, hutumiwa kwa nini, huonekana lini, na kwa nini huu una jina na ule hauna. Neno lililokusanywa kwa namna hiyo lina faida kwa kamusi na kwa msitu pia, kwa sababu haliwezi kuandikwa bila ya kutajwa mahali lilipochumwa. Taylor alifundisha jinsi ya kufanya hivyo kwa mashairi alipokubali kukaa na Mwalimu Sikujua. Kwa ua la Shimba hakupata kufanya hivyo, na ua likafika Kew bila ya kutambuliwa.

Kwa hiyo, atakaye kulitambua ua la Usambara na atazame mambo matatu pamoja. Na atazame umbo: majani yenye malaika, ndimi tano, vifuko viwili vya manjano, tunda lisilosokotwa. Na atazame jina, akijua kwamba limebadilika na laweza kubadilika tena, kwa kuwa jina ni hukumu ya wanadamu. Na atazame mahali: mwamba, kivuli, na maji yanayopita bila ya kutuama. Umbo hubadilika ndani ya nyumba ya vioo, na jina hubadilika vitabuni. Mahali pakibadilika, hapatakuwa na ua la kutambuliwa.